Meli Iliyogonga Gati Darasani

Siku ile, mwanangu, kila ninapoikumbuka hucheka peke yangu mpaka mama yako mkubwa ananiuliza nina nini. Ndiyo siku niliyogongesha meli nzima, na hata kiatu changu hakikulowa.

Nilikuwa kijana kama wewe unayekwenda chuoni leo, nimetoka hapa hapa Mlali kwenda chuo cha mabaharia pwani, mkoba una karanga za mama na kichwa kimejaa adabu. Adabu yetu waijua: mkubwa akizungumza, mdogo anatazama chini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tuliambiwa hivyo tangu tukichunga mbuzi, na mimi guu langu nililipenda.

Mwalimu wetu alikuwa nahodha mstaafu, Mzee Masunga, Msukuma, nami Mgogo, kwa hiyo mtani wangu. Hakunipumzisha. Aliniuliza mbele ya wenzangu kama Mgogo amefuata kazi ya bahari au amekuja kuteka maji apeleke kwao. Lakini akishika usukani, utani uliisha. Mazoezi tuliyafanya katika chumba kilichotengenezwa kama cha usukani wa meli ya kisasa, skrini kila upande, na ukutani picha ya bahari inayotembea kama ya kweli. Yeye nahodha, mimi msaidizi. Kazi yangu ilikuwa kuangalia na kusema ninachokiona.

Basi tukawa tunaingia bandarini. Nikaona kwenye skrini tunakwenda kasi mno, na gati liko mbele. Nikamtazama mzee, katulia. Nikajiambia, mtu mwenye mvi zile anajua anachofanya, mimi wa juzi nitamfundisha nini? Nikakohoa kidogo. Mwanangu, kikohozi hakisimamishi meli. Tukagonga gati, taa nyekundu zikawaka, darasa zima likaangua kicheko.

Mzee Masunga hakucheka. Kumbe alikosea makusudi, apime kama nitafungua mdomo. Akaniambia taratibu, "Uliona, ukanyamaza. Ingekuwa kweli, abiria wangekufa kwa heshima yako." Akasema kesho nitarudia mara moja tu, na nikinyamaza tena nirudi kwetu, chuo hakimpi cheti mtu bubu. Niliogopa sana. Mama alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba mwanawe ni baharia.

Kesho yake tukaanza upya, na safari hii mzee akaielekeza meli kwenye miamba. Ulimi ukagoma. Nikatafuta njia ya kumfikia mkubwa kama nilivyolelewa, nikaipata moja tu.

"Shikamoo, nahodha."

Akageuka. "Si umeshaniamkia asubuhi?"

"Naamkia tena, mzee. Tunakwenda kwenye miamba. Geuza kushoto, sasa hivi."

"Marahaba," akasema, akageuza.

Meli ikapita salama. Ndipo mzee akacheka mpaka akafuta machozi kwa leso, akawaambia wenzangu kwamba leo mtani wake amewaonyesha namna ya kumkosoa mkubwa bila kumvunjia heshima. Nilifurahi siku ile kuliko hata siku ya harusi yangu, ila hilo usimwambie mama yako mkubwa.

Sasa, mwanangu, meli mtakazopanda ninyi zina mitambo inayoona hata gizani, na vyuoni wanafundisha namna watu wanavyochoka, wanavyokosea na wanavyosemezana kazini. Usiyaone masomo hayo ni ya kujaza ratiba. Siku ile mtambo uliliona gati vizuri kabisa. Aliyeshindwa kusema ni mimi. Ukiona hatari, sema. Usiposikilizwa, rudia, na utaje la kufanya. Ukichoka sema umechoka, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Na ukija kuwa nahodha, waulize wadogo wanaona nini, kisha nyamaza uwasikilize, hata kama ni watani wako.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie macho makini, ulimi usioogopa na wakubwa wenye masikio, na kila utakayempakia afike kwao.