Leso ya Posa na Askari wa Puani Mwangu

Jamani, hili nilitaka nife nalo, lakini kwa kuwa kijiji kizima cha Mbuchi wanalijua, na watoto wa huko wakiniona tu wanashika pua, bora mlisikie kwangu mimi mwenye aibu yake.

Pua yangu mnaijua. Mwaka wa tatu huu imeziba, kichwa kizito, harufu ya pilau naipata kwa kusimuliwa. Daktari mmoja wa Kibiti akanieleza kwamba ni fangasi, wale wanaoota penye unyevu, vumbi lao likiniingia puani askari wa mwili (yaani chembe nyeupe za damu) wanakurupuka. "Fangasi wenyewe hawana makubwa," akasema, "kila mtu anawavuta. Ila askari wako wakali mno, wanamwaga sumu ya kuwaua, na sumu hiyo inaunguza kuta za pua yako mwenyewe, zinavimba, zinaota vinyama." Akanipa dawa ya kupuliza na onyo moja, kitu chenye ukungu nisikisogelee.

Basi mpwa wangu Hamisi akampenda binti wa Mzee Salum wa Mbuchi, tukasikia kuna watu wa Kiongoroni nao wanaleta posa Ijumaa, tukaamua twende Alhamisi, mimi nikiwa mshenga. Hamisi alikuwa hali wala halali, kila dakika "mjomba, usije ukakosea." Nami nikaona mshenga bila koti haheshimiki, nikalitoa la marehemu baba, lililokaa sandukuni kwenye ghala la mpunga tangu masika, mgongoni lina madoa ya kijani.

"Baba Zuhura," mke wangu akasema, "hayo si ndiyo uliyokatazwa na daktari?"

Nikamwambia daktari alisema ukungu, hakusema koti la baba (kiburi hicho, jamani), nikalikung'uta mara mbili, nikavaa. Barua ya posa, mnajua hufungwa kwenye leso nyeupe, nikaitia mfukoni.

Kwenye boti ya kwenda Mbuchi upepo ulinisitiri, ukilipeperusha lile vumbi la koti. Balaa lilianza tulipokaribishwa ndani, madirisha yamefungwa, wazee sita mkekani, wanawake wamejaa nyuma ya pazia wanasikiliza. Nimefika tu pale pa "tumeona ua bustanini mwenu," pua ikaanza kuwasha. Nikapiga chafya, nikamshukuru Mungu, wazee wakaniombea rehema kama inavyopasa. Ya pili, wakaniombea. Kufika ya saba wakaacha, wakawa wananitazama tu. Machozi yananitoka, pua bomba lililopasuka, askari wote wametoka kambini, napapasa mifuko sioni mbele, mkono ukagusa kitambaa laini, nikakivuta, nikapenga kwa nguvu zangu zote.

Nilipokitazama nikaona wino, jina la Hamisi limevujia kwenye kidole gumba changu.

Niliumia, wallahi, si kwa ajili yangu, kwa ajili ya yule kijana. Mzee Salum akauliza kwa upole, "Bwana mshenga, hiyo ndiyo barua yetu?" Uongo ukanikataa, nikaanza kumweleza fangasi, askari, sumu, kuta, vinyama, huku nakatishwa na chafya, mpaka akaninyooshea kiganja.

"Kwa hiyo mgeni kaingia, wala hana vita, walinzi ndio wanaobomoa nyumba?"

"Ndiyo, mzee."

Nyuma ya pazia mtu akaangua kicheko, kikashika chumba kizima, wazee wakawa wanafuta macho kwa kofia zao, nami nikajiokota nikatoka kukaa uani. Njia nzima ya kurudi sikujua nitamwambia nini Hamisi aliyebaki nyumbani akitungoja.

Wiki iliyofuata majibu yakaja, Hamisi akaifungua barua. Posa imepokelewa, ya Kiongoroni imerudishwa. Aliyecheka nyuma ya pazia alikuwa binti mwenyewe, na amesema hataki kwingine. Sharti ni moja tu, mshenga abadilishwe.

Nimelikubali kwa mikono miwili, na naapa mbele yenu, mwenye mtoto wa kuoa atafute mtu mwenye pua nzima.