Kunyata Nyumbani Kwangu

Neno la Kiingereza "sneak" nililifundisha kwa mbwembwe. Miaka ile ya tisini nilikuwa mwalimu kijana wa sekondari hapa Ifakara, na kamusi yangu nene niliiamini karibu sawa na misale, kitabu changu cha misa ya Jumapili. Nikawaambia wanafunzi maana yake ni kunyata, kwenda kimyakimya usionekane, mara nyingi kwa nia mbaya. Asili yake haijulikani kwa hakika, ila wataalamu wanalihusisha na neno la kale la kutambaa.

Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, hakuna anayenyata kwa wema?"

"Mwenye wema anyate ya nini?" Darasa likacheka, nami nikajiona bingwa.

Nyumbani, mtaa wa Kibaoni, ubingwa uliishia mlangoni. Mke wangu alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza, na mama yake alivuka mto kwa pantoni kutoka upande wa Mahenge kuja kumtunza. Kwa desturi yao, mkwe wa kiume na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Kila nikirudi nilikohoa uani, yeye akajifungia chumbani na mtoto, mimi nikabaki sebuleni kama mgeni. Nilikuwa na hamu ya kumpakata mwanangu hadi nikanuna.

Alasiri moja ya mvua nilivua viatu vyenye tope, nikaingia mlango wa nyuma bila kukohoa. Mama mkwe alikuwa ameenda kwa jirani kuomba moto. Mke wangu amelala, mtoto analia. Nikamnyanyua. Kichwa kikalegea nyuma, nikaingiwa na hofu kweli.

"Nyamaza, baba, nyamaza," nikabaki nasema, sijui nimshikeje.

Mlango wa mbele ukasogea taratibu. Mama mkwe, bila shaka amenisikia toka nje, aliingia kinyumenyume, kandambili mkononi, kanga ameivuta usoni, ananyata. Akasimama akiutazama ukuta, akasema na mtoto.

"Mjukuu wangu, mwambie baba yako akushike shingo. Mkono mmoja shingoni, mwingine matakoni. Na asiogope, huvunjiki."

Nikafanya hivyo. Mtoto akanyamaza, akanitazama. Sijawahi kufurahi vile.

"Mwambie bibi yako ahsante," nikamnong'oneza mwanangu.

"Mwambie baba yako ameshaweza," bibi akauambia ukuta, akatoka akinyata vilevile.

Kesho yake nilimwita yule msichana mbele ya darasa.

"Wapo wanaonyata kwa wema," nikamwambia. "Mmoja yuko nyumbani kwangu, na sura yake siijui."