Chumvi Chini ya Pikapu

Kwetu mwanamke hakai bega kwa bega na mume wa binti yake. Hali chakula mbele yake, hamwiti kwa sauti, na akiwa na neno la kumwambia analipitisha kwa binti. Vijana wa siku hizi wanacheka. Wacheke. Shule niliishia darasa la tatu, na adabu ndiyo kitu pekee nilichosoma nikamaliza.

Kwa hiyo siku tulipompeleka mjukuu wangu Mabamba akaonwe na bibi yake mzaa baba, mimi nilipanda nyuma. Mbele alikaa mkwe wangu kwenye usukani, na binti yangu na mtoto wa miezi miwili. Nyuma nilikuwa mimi na magunia ya chumvi ya Uvinza ambayo mkwe alikuwa akiyapeleka sokoni hukohuko, na jogoo wa zawadi aliyefungwa miguu. Nilikaa juu ya magunia kama malkia. Rungwe Mpya nzima ilijua kwamba mkwe wangu ana gari, kwa sababu niliwatangazia mimi mwenyewe, kanisani, kisimani, hata msibani.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu kuukuu. Mkwe alilisugua kwa sabuni kila Jumamosi mpaka likang'aa. Lakini gunia la chumvi linatoa jasho, na jasho lile hupenya kwenye matundu ya bodi na kudondoka chini, safari baada ya safari. Huko chini hakuna aliyewahi kuinama. Juu lilikuwa bwana harusi, chini lilikuwa maiti.

Tulisimama Kibondo mjini kwa chai. Mtoto alinyonya, kisha yeye na mama yake wakapitiwa na usingizi palepale kwenye kiti cha mbele. Mkwe alikwenda dukani. Mimi nikashuka kunyoosha miguu, maana chumvi ni ngumu kama mawe, na nikaliona gurudumu la nyuma upande wa kushoto limelowa kwa ndani. Vumbi lilikuwa limegandamana pale kama unga uliomwagikiwa na mafuta. Nikadhani ni maji ya chumvi. Nikagusa kwa kidole, nikaonja.

Haikuwa chumvi. Kilikuwa kitu kichungu, kinateleza.

Marehemu mume wangu alikuwa utingo wa malori, nimefua nguo zake miaka na miaka. Harufu ya mafuta ya breki naijua kama ninavyoijua harufu ya maziwa yaliyoungua. Nilitema mate, nikasimama pale na kidole changu hewani.

Mkwe akarudi na soda. Hakunipa mkononi. Aliiweka kwenye ukingo wa bodi, macho akiyaelekeza pembeni, kama inavyotakiwa.

"Mama, karibu soda."

"Asante, baba."

Neno lilikuwa mdomoni, limekaa juu ya ulimi pamoja na ule uchungu. Lakini wanaume walikuwa barazani wanakunywa chai, wanatutazama. Mimi nimwambie mkwe, mbele yao, kwamba gari lake ni bovu? Kwamba nimechungulia uvunguni? Binti wa kumtuma amelala. Nikasema moyoni, nitamwambia binti tukifika. Nikapanda. Ile soda sikuinywa.

Kutoka Kibondo kwenda Mabamba kuna mahali njia inainama kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Tulipoanza kushuka nilisikia injini ikilia kwa gia ndogo, halafu ikalia zaidi, na magunia yakaanza kusogea mbele. Nikachungulia kwenye kioo kidogo cha nyuma. Goti la mkwe lilikuwa likipanda na kushuka, likipanda na kushuka, kama anayekanyaga cherehani. Akavuta handibreki. Ikaja juu yote, nyepesi, haijashika kitu. Binti yangu aligeuka, akanitazama kupitia kile kioo. Amemkumbatia mtoto kwa mikono miwili. Sikuwahi kutazamwa hivyo na mtu aliye hai.

Honi ilikuwa imekufa siku nyingi.

Mbele kulikuwa na watu wanatoka sokoni: wanawake na mizigo kichwani, baiskeli zenye mikungu ya ndizi. Nikasimama juu ya magunia, nikashika bomba la bodi, nikapiga bati la paa kwa ngumi, nikapiga kelele kwa Kiswahili, nikapiga kwa Kiha.

"Tokeni! Breki hakuna! Tokeni njiani! Mawe we, mama yangu wee! Tokeni!"

Mwenye baiskeli mmoja akageuka akicheka. "Bibi, shuka usukume basi!"

Kisha akatuona tunavyokuja. Alijitupa mtaroni na mikungu yake yote, na upepo wetu ukampeperusha kofia. Mwanamke mmoja alidondosha ndoo. Niliuona uso wake karibu kiasi kwamba ningeweza kumsalimia.

Kwa kuwa nilikuwa juu, niliona kilichokuwa baada ya kona. Kushoto korongo. Mbele daraja jembamba, na juu ya daraja mbuzi na wachungaji wao. Kulia, kabla ya daraja, kulikuwa na lundo la kifusi lililoachwa na watengeneza barabara, limeota majani. Mkwe hakuweza kuliona.

Nikaegemea upande wa dirisha lake, kichwa kikiwa nje kabisa, mdomo wangu karibu na sikio lake.

"Baba! Ukikata kona, kulia! Kifusi! Panda kifusi! Kulia, nakwambia!"

Akakata kulia.

Sikumbuki mlio. Nakumbuka magunia yalinipita, nikawa chini ya mojawapo, na chumvi puani, machoni, mdomoni. Halafu kimya. Jogoo alilia. Mkwe alikohoa. Mtoto hakulia. Nikangoja. Nilijaribu kumwita binti yangu, sauti ikawa imeishia mlimani. Nilitambaa kwenye chumvi kwa viwiko nikisema na Mungu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, ya kumtishia.

Ndipo mtoto akalia. Alilia kwa hasira, kama aliyeamshwa bure.

Watu wakajaa. Mzee mmoja mwenye ovaroli alilala chali chini ya gari, akatoka na kipande cha paipu ya breki. Alikibana kwa vidole viwili, kikavunjika kama mkate mkavu.

"Chumvi imekula," alisema. "Waya wa handibreki nao umekatika. Mlikuwa mnaendesha kutu."

Binti yangu alikuwa amekaa kwenye majani, damu kidogo kwenye paji la uso, akimpapasa mtoto kidole kimoja kimoja. Akamwambia mumewe, "Na wewe dereva hukujua?"



"Mimi nilijua," nikasema. "Pale Kibondo. Niliona gurudumu limelowa, nikaonja, nikajua. Ulikuwa umelala. Sikumwambia."

Nilidhani mkwe atanilaani. Nilitaka anilaani. Badala yake akazungumza na viatu vyake.

"Mama, mimi nilijua kabla yako. Pedeli ilianza kuzama tangu Kasulu, hatujafika hata Makere. Nilikuwa naipampu. Ningesimama, ungejua gari ni bovu. Na wewe umelisifia kwa watu wote."

Binti yangu alitutazama, mimi kisha yeye, yeye kisha mimi.

"Kwa hiyo mlikuwa mnaheshimiana," akasema. "Na huyu katikati."

Hakupaza sauti. Alisimama, akamfunga mtoto mgongoni, akakaza kitenge mara mbili, akaanza kutembea kwenda Mabamba. Mkwe aliacha gari, akaacha chumvi imwagike, akamfuata kwa mbali. Nami nikamfuata, goti likivuja damu. Nilitamani sana kumbeba mtoto, hata kidogo. Kila nilipokaribia, binti yangu aliongeza mwendo. Sikuthubutu kumwomba.