Mashine Niliyoiwashia Uani

Bado nina hasira, na safari hii sina wa kumtupia.

Nilikuwa na boti ya mbao Ziwa Rukwa, na mashine ya kufunga nyuma. Mimi naishi Milanzi, juu huku kwenye baridi na mahindi. Ziwani nilifika kwa nadra. Aliyeiendesha ni mdogo wa mke wangu, mkazi wa Kaoze, bondeni. Uvuvi ulipofungwa kwa msimu, niliagiza mashine ipandishwe kwangu kwa lori. Nilisema naogopa wezi. Uongo. Nilitaka wageni waione.

Niliifunga kwenye gogo uani. Kila Jumapili watu wakitoka misa nilivuta kamba, ikanguruma, kuku wakatawanyika, wazee wenzangu wakapiga makofi. Chini yake hapakuwa na hata ndoo ya maji. Siku moja shemeji alikuja kumsalimia dada yake, akanikuta katikati ya maonyesho.

"Shikamoo shemeji. Izime! Hiyo hupozwa na maji ya ziwa. Ikinguruma kavu inajiunguza."

"Mwenye mashine nani?"

"Wewe, shemeji."

"Basi kaa unywe chai."

Akakaa. Nikaiacha ingurume kwa muda mrefu kuliko siku zote, makusudi. Nilimaliza kidato cha nne, fizikia nilisoma. Siwezi kusema sikujua.

Ziwa lilipofunguliwa, siku ya pili tu mashine ilichemka ikazima mbali na nchi kavu. Shemeji na mwenzake walipiga kasia tangu asubuhi hadi alasiri, mawimbi yakiwaingilia. Habari iliponifikia sikuuliza kama wako salama. Niliteremka bondeni, nikamkuta mwaloni, pale boti zinapoegeshwa, viganja vimechubuka, nikamwambia mbele ya wavuvi wote kwamba ameipitisha kwenye matope kwa ulevi wake, na kwamba dada yake amenipa mharibifu. Akanisaidia kuipakia kwenye lori. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo: alinisaidia kupakia.

Fundi wa mjini alifungua boliti, akauvuta mguu wa mashine, akafunua pampu ya maji. Ndani mna kijigurudumu cha mpira chenye mapezi, wenyewe wanakiita impela. Ndicho kinachovuta maji ya kupoza. Mapezi mawili yalikuwa yamekatika, mengine yamekakamaa na kung'aa kama yaliyopigwa pasi.

"Matope, siyo?" nilisema.

Alipitisha kidole ndani ya pampu. "Matope yangekwaruza hapa, mzee. Gusa, ni laini. Huu mpira umeungua. Kuna mtu kaiwasha nchi kavu." Akacheka. "Watu wengine bwana!"

Nilimwambia anipe impela mpya, nitaifunga mwenyewe. Kwanza nilivisaka kwa waya vipande vilivyokatika, maana kimoja tu kikibaki kinaziba njia ya maji. Nikapaka sabuni, nikaizungusha impela taratibu upande ule inakozungukia mashine ili mapezi yalale, ikaingia. Kazi ya asubuhi moja. Asubuhi moja! Kwa kitu kinachoenea kiganjani nilikuwa nimemvunjia mtu heshima mbele ya kijiji chake.

Nikateremka nayo Kaoze. Nikawaita wavuvi wale wale, nikasema niliiunguza mimi, uani kwangu, baada ya kuonywa. Mmoja akapiga mluzi. Shemeji alikuwa akishona wavu, wala hakuinua kichwa.

"Iwashe basi tuone," alisema. "Hapa hapa mchangani. Si ndiyo ulivyozoea?"

Wakaangua kicheko. Nilistahili, lakini masikio yaliniwaka. Watu wawili walinisaidia kuibeba hadi kwenye boti iliyokuwa majini, nikaifunga, nikavuta kamba. Maji yakatoka kwa nyuma, mchirizi mmoja ulionyooka. "Inakojoa vizuri," mtu akasema. Nikamwonyesha shemeji nafasi yake kwenye boti, iko wazi.

Alikata uzi kwa meno.

"Ni nzima. Sasa itafutie mtu, mzee."

Mzee. Tangu nilipomwoa dada yake, hakuwahi kuniita jina lingine ila shemeji.

Sikumtafuta mtu mwingine. Mashine imo stoo, nimeifunika gunia. Juzi mgeni mmoja aliliona, akalifunua, akaniomba niivute kamba kidogo aisikie sauti yake.

Nilimfukuza.