Akiki Niliyoifukia Majivuni

Kabla hujasema wivu wangu ulikuwa wa bure, ngoja nikueleze nilichokiona kwa macho yangu mawili. Mume wangu alilamba jiwe, akampa mwanamke mwingine, na yule mwanamke akalilamba palepale. Ilikuwa Nkoma, mjini Mbale, kwenye baraza la huyo mwanamke, asubuhi ya pili baada ya sisi kukimbia vita vya sabini na tisa. Nilikuwa na watoto watatu, sufuria mbili na baiskeli isiyo na breki, na mume wangu anagawana mate na mtu.

Wanaofanya kazi ya mawe ya pete watasema hakuna ubaya. Bamba la akiki, yaani jiwe lililokatwa jembamba kama biskuti, likiwa kavu halioneshi kitu. Likilowa ndipo mistari yake inatokea. Maji yakiwa mbali, fundi anatumia ulimi. Hayo nayajua leo. Siku ile nilijua tu kwamba nimeolewa miaka kumi na miwili, na hakuna siku aliyowahi kunipa jiwe hata nilishike.

Alijifunza kazi hiyo kwa sonara mmoja wa Kihindi pale Jinja. Wahindi walipofukuzwa, sonara alimwachia msumeno wa mawe, ule wa duara unaozunguka ndani ya mafuta, naye akaufunga kwenye chumba chetu cha nyuma, Walukuba. Mawe yenyewe yalitoka upande wa Mbale, kwenye mito inayoshuka mlimani. Aliyekuwa akiyaokota ni baba wa yule mwanamke, na baba alipofariki akaendelea binti. Mapatano yao na sonara yalikuwa ya zamani: jiwe likishakatwa, nusu ya mabamba inabaki Jinja, nusu inarudi Mbale. Ndiyo maana mwanamke huyo, mjane, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa na sanduku zima chini ya kitanda: akiki zinazopitisha mwanga, na yaspi nyekundu na za kijani zisizopitisha. Mume wangu alimwita Madamu. Mimi aliniita "wewe".

Sisi ni Wanubi. Babu zetu waliletwa na jeshi, na serikali ya kijeshi ilipoanguka, kila aliyesema Kiswahili bila kujikwaa alionekana ni askari wake. Mume wangu hajawahi kushika bunduki, lakini nani angesimama kusikiliza hayo? Tuliondoka Jinja na nguo tulizovaa, zile sufuria mbili na ile baiskeli. Tulipofika Nkoma, Madamu hakuuliza swali hata moja. Aliwaambia majirani kwamba sisi ni ndugu za marehemu mume wake, akatupa chumba, akanifundisha salamu za Kigisu, lugha ya pale, ili nisije nikafungua mdomo sokoni kwa Kiswahili na kutuponza. Miezi saba tulikula chakula chake. Basi jaribu wewe kumchukia mtu wa namna hiyo. Mimi nilijaribu, na niliweza.

Kila jioni Madamu akitoka shule, yeye na mume wangu walitandaza mabamba barazani, wakainama vichwa karibu karibu.

"Bwana, angalia hii," alisema Madamu. "Hii ukikata kwa mgongo, mistari inapotea. Inafaa kukata kwa tumbo."

"Kwa tumbo, Madamu. Kweli kabisa!"

Mimi nikimwambia mume wangu mboga haina chumvi, hasikii. Nikimwambia mtoto ana homa, anasema ngoja. Madamu akikohoa tu, anageuka.

Tuliporudi Walukuba tulikuta nyumba haina milango. Waporaji walichukua hata bawaba. Msumeno waliuacha kwa sababu hakuna aliyejua ni wa nini, na ile siku mume wangu alilia kwa furaha mbele ya nyumba iliyo wazi, mimi nikiwa nimeshika ufagio. Maisha yalirudi kidogo kidogo. Umeme ulikuja, ukakatika, ukaja tena. Mahaji wakaanza kuagiza pete za akiki, na baadaye familia chache za Kihindi zikarudi mjini, nazo zikamtafuta. Sasa kila mwezi alikuwa na safari ya Mbale. Akirudi, nilichukua shati lake kabla hajakaa, nikalinusa kola na mikono nikitafuta marashi. Nilikuta mafuta ya msumeno. Sikuridhika. Nilisema moyoni, mwanamke mjanja hajipaki marashi.

Nilikuwa nangoja neno moja: nataka kuoa. Dini inamruhusu, nyumba imeshapata milango, na mwanamke mwenyewe ana mshahara. Wifi yangu wa Mafubira alinitazama akacheka, akasema, "Wewe jiandae tu. Pika vizuri, lakini jiandae." Nilikonda. Usiku nililala nimempa mgongo, na yeye wala hakujua kwamba amepewa mgongo.

Siku moja akiwa mjini, dereva wa lori la mahindi kutoka Mbale aliniletea kifurushi. Ndani ya gazeti kulikuwa na bamba moja la akiki, la kahawia iliyofifia, rangi ya uji wa ulezi. Pamoja nalo kulikuwa na karatasi yenye mwandiko wa kimwalimu: "Hili usiliuze. Liweke."

Niliisoma mara tatu. Mawe yote yaliyotoka Mbale yalikuwa ya kuuza. Hili aliweke wapi? Kidoleni? Moyoni? Nilimwona anavyotabasamu akiandika.

Maharagwe yalikuwa jikoni tangu asubuhi. Nilikuwa nimemsikia mume wangu mara nyingi akilalamika kwamba moto unapasua mawe. Sonara wake alijua kuzifanya akiki ziwe nyekundu kwa moto, lakini aliifanya kazi hiyo amefunga mlango, na mume wangu kila alipojaribu mwenyewe aliambulia vipande. Vipande ndivyo nilivyovitaka. Nililifukia lile bamba kwenye majivu ya moto chini ya sigiri, nikasema kwa sauti, "Pasuka." Maharagwe yale yalikuwa magumu. Nilichochea mkaa kutwa nzima, nikaacha sigiri ipoe yenyewe.

Kesho yake nilipozoa majivu, bamba lilitoka zima. Na lilikuwa jekundu. Nililiosha kwenye ndoo, nikaliinua dirishani, mwanga ukapita ndani yake kama unavyopita kwenye glasi ya chai ya rangi. Niliogopa. Nikalifuta, nikalirudisha ndani ya gazeti pamoja na karatasi yake, nikaliweka mezani.

Mume wangu alilifungua, akalilamba, akakaa chini bila kutazama kama kuna kiti. Bahati kulikuwa nacho.

"Ameipata," alisema. "Madamu ameipata siri ya moto! Miaka yote hii mimi navunja mawe, kumbe yeye ameipata!" Akasoma karatasi, akaibusu, akaniangalia bila kuniona. "Mtu kama huyu si wa kukaa mbali. Angekuwa hapa hapa nyumbani, kazi ingekuwa kazi."

Lile neno nililolingoja lilikuwa limefika mlangoni, na aliyelifungulia ni mimi kwa mkono wangu. Nikikaa kimya, anamleta. Nikisema, atajua nilitaka kuliharibu. Alikuwa anatafuta shati safi la safari ya Mbale. Nikamwambia, "Kesho tunakwenda wote." Hakuuliza kwa nini.

Madamu alitupokea kwa chai na ndizi za kuchoma. Mume wangu hakungoja kikombe kijae.

"Madamu, umefanyaje? Nifundishe."

Alilipokea bamba, akaligeuza, akalisogeza kwenye jua. Kisha akanitazama mimi.

"Hii mimi nilituma ikiwa kahawia," alisema. "Baba alisema sonara aliikata ya mwisho kabla hajaenda. Ndiyo nikasema isiuzwe, ikae na huo msumeno. Sasa moto nani alitia?"

Ningeweza kusema liliangukia jikoni. Ningeweza kusema ni watoto. Lakini nilikuwa nimechoka kuwa na wivu peke yangu, nilitaka na wao wawili washike upande mmoja wa mzigo.

"Ni mimi," nilisema. "Nilililaza kwenye majivu lipasuke. Nilidhani umempa mume wangu kitu cha mapenzi. Nilikuwa na wivu, na bado ninao."

Madamu aliweka mkono kifuani. Mimi nilimgeukia mume wangu. Nilikuwa tayari kwa lolote: kofi, talaka, hata kicheko.

"Majivu ya mkaa au ya kuni?" aliuliza. "Na ulilifukia kina cha vidole vingapi? Lilikaa mpaka lini?"

Nilimjibu. Ningefanya nini? Alinihoji mpaka chai ikapoa, akaniuliza hata maharagwe yalikuwa ya aina gani. Madamu alininong'oneza nimsaidie kuosha vikombe, na tulipofika nyuma ya nyumba aliinama juu ya beseni akacheka mpaka akashika ukuta. Alipomaliza hakuwa anacheka tena.

"Mama, miezi saba mlilala hapa," alisema. "Huyu bwana wako mpaka leo hajui nafundisha darasa gani. Hajauliza mume wangu alikufa na nini. Mimi nikikosa jiwe, hanijui."

Niliyaamini maneno yake palepale, kwa sababu nilikuwa nimeishi nayo.

Tuliporudi Jinja sikupewa muda wa kuvua viatu. Tangu wiki ile mume wangu alihamia jikoni kwangu, yule ambaye hakuwahi kujua chumvi inawekwa wapi. Alivuta kigoda, akakaa goti lake karibu na langu asubuhi mpaka alasiri, siku baada ya siku, akilinda mawe aliyoyafukia majivuni. Safari za Mbale zikapungua. Wifi yangu alikuja akatukuta hivyo, akaniambia nimeshinda, akataka nimwambie nimetumia dawa gani. Siku hiyohiyo, yeye alipoondoka, nilimuuliza mume wangu kama anakumbuka nguo niliyovaa siku tuliyooana. Alinyoosha kidole kuelekea sigiri akasema, "Taratibu, usitikise hapo, utayapasua mawe."

Nilitamani angekuwa anampenda Madamu. Mwanamke mwenzangu ningemweza.