Nafasi ya Nyumba ya Nne

Miaka ya sabini nilikuwa Nairobi nikiandika programu za kompyuta, kazi ambayo kwetu Manga, katika nchi ya Wakisii, hakuna aliyeielewa. Mama aliwaambia wenzake kanisani kwamba mwanawe huiandikia mashine barua. Hakukosea sana.

Tulipewa kazi ya kuorodhesha watakaogawiwa miche ya chai Kisii na Nyamira. Kwetu kila mke ana nyumba yake na kipande chake cha shamba, kwa hiyo kila boma lilihitaji nafasi za nyumba. Lugha tuliyotumia ilitaka idadi ya nafasi ijulikane kabla programu haijatafsiriwa kuwa lugha ya mashine. Tena haikuniruhusu kuipa idadi hiyo jina, niiandike mahali pamoja tu na kwingine kote nitaje jina hilo. Wenzangu wakauliza, kwa kuwa mimi ndiye Mkisii, wanaume wetu huoa wangapi. Nikaona haya. Nikasema watatu, wakizidi sana.

Basi tatu ikatoboliwa kwenye zaidi ya arobaini ya zile kadi za karatasi ambazo mashine ilizisoma. Mpaka leo nikikuta namba tupu isiyo na jina katikati ya programu ya mtu, hasira hunipanda.

Mama yangu alikuwa mke wa nne.

Siku ya kugawa miche nilikuwa nyumbani likizoni. Mama alikuwa ameshachimba mashimo yote, akaja na kikapu kipya. Karani alisoma boma letu: nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha akafungua ukurasa mwingine. Akamwambia Mama kwa upole kwamba mashine haikumwandika.

Mama akanigeukia. "Wewe si ndiye huiandikia? Iandikie tena."

Nilijaribu kumweleza. Kadi zote zile zibadilishwe, nikisahau moja tu orodha nzima ivurugike, kisha tungoje zamu ya mashine, na miche ilikuwa inaisha mbele ya macho yetu. Nilijiona bure kabisa, na suti yangu.

Tukarudi mpaka kwenye mashimo yake. Mvua ilikuwa imeyajaza maji.

"Ni nani aliyeiambia tuko watatu?"

"Mashine yenyewe, Mama. Ndivyo ilivyoundwa."

Akanishika mkono. "Basi usijilaumu, mwanangu," akasema, akaenda kutafuta jembe ayafukie.