Nyongeza ya Gemu Katika Nyumba ya Msiba

Baada ya ndugu yangu kufariki sikuweza kukaa mahali pamoja. Nikianza kuchagua mchele nauacha, natoka uani kutazama nguo ambazo nimeshazitazama, narudi ndani, nasahau nimerudia nini. Mama mdogo, aliyekuja kukaa nami kwa ajili ya msiba, alikuwa akiniambia, "Keti basi, mwanangu, hata moyo wako upumue." Naketi. Kabla hajamaliza kuniombea dua nimeshainuka.

Kilichonihangaisha kilikuwa kitu kimoja, na nakisema kilivyokuwa, ingawa wapo watakaokiona cha kitoto. Nilitaka kujua kama ile gemu ilikuwa nzuri.

Ndugu yangu alikuwa mdogo wangu, na tangu niachike tukiishi wawili katika nyumba ya wazee wetu, Micheweni. Chumba cha mbele alikifanya chumba cha gemu: televisheni, mashine, mabenchi ya mbao na pazia zito la kuzuia jua. Wengi walikuja kucheza gemu ya mpira. Lakini gemu aliyoipenda yeye ilikuwa ya kutisha. Mtu amepotea katika mji wa mgodi uliokufa, mna mazimwi, na risasi alizonazo hazitoshi, kwa hiyo kazi kubwa ni kujificha na kubana pumzi. Mwisho wake, mwenzake anayemsaidia njia nzima anafungua mlango wa chuma, anaingia, mlango unajifunga. Hatumuoni tena.

Mwaka mzima ndugu yangu aliuzungumza mlango ule kama watu wanavyozungumza habari ya jirani. Nikimpakulia chakula ananiambia, "Dada, mie nadhani mle ndani mna ngazi." Kesho yake si ngazi tena, ni bahari.

Katika chumba kile hakuna kitu kilichosifiwa bure. Mimi nikiwa jikoni nilikuwa nikiwasikia. "Zimwi gani hilo, latembea kama bi harusi!" "Yakhe, hilo hata kuku wetu halimtishi." Na aliyekuwa mkali kupita wote ni yeye mwenyewe. Gemu ikimchosha anaizima katikati, na aliyekuwa akicheza apige kelele apendavyo.

Kisha ikatangazwa nyongeza. Si gemu mpya, ni kipande kinachoongezwa juu ya ile ya zamani, na safari hii unakuwa yule mwenzake, unapita mlango wa chuma, unaona alikokwenda. Rafiki yake, fundi simu wa Wete, alikuwa akimsomea kwenye simu waliyoyaandika watu wa nje waliokwisha kuicheza. Hawakukubaliana. Wengine walisema sauti zake zinatia baridi mwilini, wengine walisema ni fupi na hadithi yake nyembamba. Ndugu yangu alicheka. "Hao hawana subira. Tutaiona wenyewe."

Nyongeza haikuwa ya bure, na mashine yetu ilikuwa imeshachoka, haiwezi kuibeba. Huku kwetu ni mawe, mikarafuu ni ya kuhesabu. Msimu ulipoingia alikwenda kusini, upande wa Mkoani, kuchuma kwa watu. Mapato ya mwanzo akampelekea yule fundi atafute mashine na nyongeza yake. Yeye akabaki kuchuma ya matumizi ya nyumbani. Tawi likamkatikia.

Walimzika hukohuko siku ileile, kama inavyopasa. Nilipofika kutoka huku kaskazini, kaburi lilikuwa limeshamwagiwa maji. Uso wake sikuuona.

Sasa mtu ataelewa kwa nini niliuliza nilichouliza. Alipanda mti kwa ajili ya kile kitu. Kama kilikuwa kizuri, nilidhani ningeweza kukaa chini.

Kisomo cha hitima kilipopita fundi akaja na mashine ndani ya boksi. "Hii ni yake, dada. Aliilipia kwa jasho lake." Akaifunga mwenyewe chumba cha mbele. Baada ya laasiri wakaja watu wa siku zote, wakaketi kwenye mabenchi wamekunja mikono. Mimi nikasimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, mama mdogo nyuma yangu na tasbihi yake.

Fundi akacheza. Mlango wa chuma ukafunguka. Nyuma yake kulikuwa na ujia, kisha ujia mwingine, kisha lile zimwi tunalolijua likatokea kwenye kona.

"Mashaallah," alisema mmoja.

"Wametengeneza vizuri," alisema mwingine. "Allah amrehemu."

"Amin."

Hakuna aliyepandisha miguu juu ya benchi kwa woga, kama zamani. Hakuna aliyemwambia fundi kwamba anacheza kama kipofu, na kwa kweli siku ile alicheza vibaya. Nikauliza, "Jamani, nzuri?" Wakajibu karibu kwa pamoja, "Nzuri, dada. Nzuri sana." Kesho yake ikawa hivyohivyo.

Nikaelewa walichokuwa wakifanya. Katika nyumba ya msiba hayasemwi mabaya. Maiti husemwa kwa mema yake, na wale watu waliichukua gemu wakaiweka pamoja na maiti. Waliisifu kwa sauti ileile waliyomsifia yeye kwenye mkeka wa matanga: alikuwa mtu wa watu, alikuwa na heshima, hakugombana na mtu. Nami namjua, aligombana na nusu ya mji.

Nikamwambia fundi anisomee tena maneno ya watu wa nje. Akasoma habari ya zile sauti. Kidole chake kikateremka haraka, kikaruka, akasoma tena habari ya sauti. Shule niliiachia kidato cha pili, lakini kumtambua mtu anayeruka mistari hakuhitaji cheti.

Siku ya tatu, mtu akapiga hodi mbele. Alikuwa dereva wa bodaboda wa mtaa wa nyuma, ambaye zamani alikuwa haondoki chumba kile. Watu wote wakamgeukia.

Ilikuwa miaka ile, baada ya uchaguzi, watu wa chama hiki hawanunui duka la watu wa chama kile. Hatukupanda gari moja, hatukualikana harusi, na hatukuzikana. Baba yake alipofariki, nyumba yetu haikwenda. Ndugu yangu alipofariki, hawakuja. Kila upande uliona umelipa.

Mama mdogo akasema kwa sauti ya kusikika, "Kuzika hakuja. Kucheza kaja."

"Shikamoo, bibi," akajibu dereva. "Na nyie babangu mlikuja kumzika?"

"Toka, wewe!" mmoja akainuka kwenye benchi.

"Hodi nimepiga. Nimesikia kile kitu kimefika. Kama haifai niingie, nambiwe na mwenye nyumba."

Wakanitazama mimi. Nikasema, "Mpeni pedi ya kuchezea."

Fundi akampa, kwa shingo upande. Dereva akavua ndara, akakaa chini kwenye mkeka kama alivyokuwa akikaa zamani, akaanza. Alipita ujia wa kwanza kwa uangalifu, akajibana nyuma ya pipa. Ujia wa pili akatembea tu. Zimwi likatokea. Akalitazama.

"Si lile lile?"

Wakaitazama televisheni.

"Nasema, hili si lile lile la zamani? Wamelivisha koti."

"Cheza, yakhe," akasema fundi.

"Nacheza. Lakini hino mbovu. Nyie mmekaa hapa siku zote hizo hamjaona kuwa mbovu? Mwaka mzima mlango, mlango, kumbe nyuma ya mlango mna ukuta! Sauti nzuri, sawa, sauti haina neno. Lakini huyu mtu anakwenda wapi? Haogopi, hachoki. Mwenye chumba hiki angelikuwepo angeshachomoa waya."

Yule aliyeinuka kwanza akainuka tena, safari hii amekunja ngumi. "Huna adabu! Mwenzio kafa kwa ajili ya hiki kitu, na dada yake kasimama pale!"

Dereva aligeuka, akaniona uso. Nadhani hakuwa amejua kilichompandisha mti. Nani angemwambia, na hatusemezani? Akaiweka pedi kwenye mkeka taratibu.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo alikwenda bure?"

Nilitaka anijibu. Mama mdogo alinishika mkono, nikautoa. Hata kama angesema ndiyo ningepokea, kwa sababu kwa siku zile alikuwa mtu pekee ambaye neno lake lingekuwa na uzito kwangu.

"Sijui, dada," akasema. "Mie nimesema gemu tu. Habari ya kwenda kwake sina elimu nayo."

"Lakini mbovu?"

"Mbovu."

Hapo fundi akacheka. Kicheko kilimtoka kama kikohozi, akaziba mdomo, kisha akasema, "Wallahi mbovu. Tangu juzi nataka kusema. Lile koti!" Mwingine akasema koti lenyewe limelibana. Na yule aliyekunja ngumi akaketi, akasema kwa hasira kwamba hata hivyo ule ujia wa pili una giza zuri, dereva akamwambia giza hata nyumbani kwao lipo, bure. Wakaanza kubishana, wote kwa pamoja, kama sikuwepo.

Nilikuwa nimesimama palepale. Sikupata utulivu niliokuwa nikiutafuta, siwezi kusema uongo. Alipanda mti kwa kitu kibovu, na sasa nalijua hilo. Kabla ya hapo nilikuwa silijui, naizunguka nyumba nzima nikilitafuta. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, ingawa kwa aliyenitazama ningeonekana yuleyule, mwanamke asiyekaa.

Dereva akaichukua ndara yake moja, akiitafuta ya pili chini ya benchi, ili aondoke.

"Hujamaliza," nilimwambia.

"Yaliyobaki ni yaleyale, dada."

"Najua. Maliza."

Akamtazama mama mdogo. Mama mdogo alikuwa ameshaingia jikoni, anatia maji ya chai, na kwa wingi wa maji niliyoyasikia yakimiminika alikuwa akiwapikia wote.